Tuta Lililokatwa kwa Koleo

Kila asubuhi kabla ya basi la shule, Twyla Haugen aliwalisha kuku na kuokota mayai. Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, alimkuta baba yake, Orrin, akilikata kwa koleo tuta la kuzuia maji lililojengwa na bodi ya hifadhi ya udongo na maji. Mahindi yake yalikuwa yamefunikwa na maji.

"Baba, maji yatakwenda kwa jirani, Bwana Voss!"

"Nenda shule. Hujaona kitu."

Maji yalilipasua tuta, yakateremka kwa kishindo. Basi lilikuwa halijafika Leland Voss alipoingia uani na gari lake, ametapakaa tope hadi kifuani, spana kubwa mkononi.

"Ndama wangu wamekufa maji! Umelikata tuta, mshenzi we!"

"Limebomoka lenyewe. Toka kwangu!"

Spana ikamshukia Orrin begani, mfupa ukalia. Orrin akainua koleo, akampiga Voss mdomoni. Damu na meno vikaruka. Wakakabana makoo, wakagaragara matopeni. Mama yake Twyla alijitupa katikati kuwaamua, akapigwa kiwiko cha uso, akaanguka. Ndipo wakaachana, wakihema.

Polisi alifika. "Nani amelikata tuta?"

Orrin alimkazia macho binti yake. Twyla akamtazama mama aliyekuwa akifuta damu puani.

"Ni baba. Nimemwona."

Orrin aliinamisha kichwa. "Ni kweli."

Wote wawili walishtakiwa. Orrin alimpa Voss ndama kutoka zizi lake kufidia waliokufa. Lakini tatizo la maji lilibaki, kwani sheria ya zamani iliiruhusu bodi kujenga matuta tu. Haikuipa uwezo wa kuyakagua wala kumsaidia mkulima aliyezidiwa na maji. Bunge la jimbo lilipoketi kuirekebisha, Orrin alisimama mbele ya wabunge, mkono ukiwa bado umefungwa bendeji.

"Ningekuwa na mtu wa kumwita, nisingeshika koleo," alisema. Voss, mwenye pengo mdomoni, akasema, "Na mimi nisingeshika spana."

Sheria mpya ikapita. Bodi ikalijenga tuta upya, safari hii likiwa na mlango wa kutolea maji polepole.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani kutoka kulitazama, Orrin alimwambia Twyla, "Siku ile nilikukasirikia sana, mwanangu."

"Najua, baba."

"Ungenifichia, Voss angerudi, na mmoja wetu angezikwa. Mtu akikuambia useme uongo, hata kama ni mimi, mkatalie. Umesikia?"

"Nimesikia."