Kiganja cha Unga

Siku ile walikuwepo Laurentine, binti yake Olive, rafiki yake Jerioth, na mzee Gunnel, mtunzaji wa kinu cha maji cha kale karibu na Sundbyberg, Uswidi.

Wiki hiyo mama yake Laurentine alizikwa Uvira, Kongo, naye Laurentine hakuweza kwenda kwa kukosa karatasi za kusafiria. Jerioth alimtoa nyumbani, akamleta kinuni apate kupumua.

"Mji huu ulianzia hapa," alisema Gunnel. "Kwanza kinu, ndipo nyumba."

"Hata kwetu," alijibu Laurentine. "Mama alileta kinu mtoni, watu wakajenga kukizunguka. Sisi watoto alituvuta nyuma, mkanda wa mashine usitukamate."

Akajifunika uso kwa mikono.

"Lia tu, dadangu," alisema Jerioth. Gunnel akamshika Laurentine mkono.

Ghafla taa ikazimika. Gizani mawe ya kinu yakaanza kusaga, polepole, ingawa mfereji wa kuyaendesha ulikauka zamani. Olive akacheka. Taa iliporudi, mawe yalikuwa kimya.

"Bibi amenivuta nyuma," Olive alisema kwa Kiswidi.

Begani mwa koti lake palikuwa na alama ya kiganja cha unga, ungali na joto.

Koti lile sasa halimwenei Olive. Mama yake hajalifua.