Pipa la Mwisho

Kila asubuhi kabla ya shule, binti wa fundi wa kuchomelea alichungulia mapipa makuukuu nyuma ya karakana. Baba yake aliyakata kutengeneza majiko, na pipa lililotupwa muda mrefu halikosi mpangaji. Watu walimwita binti huyo Chiriku, kwa kupenda kusema, si kwa kupenda kazi.

"Mwanangu, umechungulia yote?" baba aliuliza siku hiyo.

"Yote, baba. Matupu!"

Uongo mtupu. La mwisho lilikuwa kwenye majani yenye umande, naye alikwishavaa soksi safi.

Baba alipolipiga nyundo pipa hilo tu, nyuki wakamwagika nje kwa hasira. Wateja wakatimua mbio, kila mtu na roho yake. Mama akamvuta Chiriku ndani, akafunga mlango. Ndipo wakakumbuka kwamba bibi, mama yake baba, yuko uani kwenye kiti chake, na hawezi kutembea bila kushikwa.

Chiriku alimwona dirishani, amejifunika uso kwa kanga. "Bibi! Bibi!" alilia, lakini kelele zake hazikusaidia kitu. Jirani akarusha maji kwa ndoo, nyuki wakazidi kuchachamaa. Hatimaye baba alikuja amejitanda turubai, akamfunika bibi, akambeba.

Kwenye zahanati, muuguzi alimkwangua bibi miiba, akamdunga sindano. Bibi alihema kwa shida. Chiriku aliketi kwenye benchi, hana la kufanya.

"Baba, pipa la mwisho sikulichungulia," alisema mwishowe.

Baba, macho yamevimba, aligeuka kumtazama bibi.

"Hata mimi niliwaona nyuki juzi wakiingia," jirani aliyewasindikiza akasema kwa aibu. "Nikadhani fundi anajua."

Jioni pumzi za bibi zilitulia. "Sasa yuko salama," muuguzi alisema. "Lakini nyuki mliwapa nyumba wenyewe, kisha kila mtu akamwachia mwenzake kusema. Mkiwaona tena, msiwapigie kelele wala kuwamwagia maji. Kaeni mbali, mwiteni mfugaji nyuki awahamishe."

Bibi akamwita mjukuu wake kwa kidole. Midomo ilikuwa imemvimba, lakini maneno yalisikika.

"Chiriku wangu, mdomo wote huo, ukashindwa kusema 'bado sijachungulia'?"