Sauti ya Monika

Monika alijikwaa barazani, goti likachubuka, akafungua mdomo kulia. Machozi yalimtoka, mishipa ya shingo ikamsimama, lakini sauti haikutoka. Mama yake, Kabula, akamkimbilia amwambie pole. Alipofungua mdomo, kikamtoka kilio cha mtoto wa miaka minne.

Mpanda nzima ilimjua Kabula, mwimbaji wa Radi Kavu, bendi ya magitaa iliyoanzia kwenye chumba kimoja Majengo. Miaka sita aliimba. Wa saba koo likamkatalia. Mwezi uliopita walipokwenda kupiga Ikola, kando ya ziwa, alibakiwa na mkwaruzo tu. Kabla ya onyesho akasimama peke yake ufukweni, akalililia ziwa: "Yeyote anayenisikia, nirudishie sauti. Chukua unachotaka." Mchana huohuo aliimba mpaka watu wakapagawa. Tangu hapo pumzi yake ilinuka tope, hata apige mswaki mara tatu.

"Dada, hiyo sio sauti yako," Rafaeli, mpiga gitaa, alimnong'oneza mazoezini. "Nenda ukaangaliwe. Mimi naogopa."

Siku Monika alipokosa kilio, Kabula alimbeba hadi Kasansa, kwa Minza, mganga wa Kisukuma aliyewahi kumtibu mama mzazi wa Kabula. Jua lilikuwa la utosi. Minza akawasha ufukizo, akamfunika Kabula shuka, akauliza kwa sauti ya chini:

"Wewe uliye ndani, ni nani?"

Harufu ya tope ikajaa nyumba nzima, maji ya baridi yakaanza kumchuruzika Kabula puani, na chini ya shuka akahisi ulimi wake ukijigeuza wenyewe, ukitafuta maneno, huku kifua kikijaa pumzi asiyoivuta yeye, mpaka mdomo ukafunguka na sauti nyembamba ikasema:

"Mama, usinitoe. Huko nje nitakaa wapi?"

"Usiisikilize," Minza alisema. "Hilo ni jini la ziwa."

"Mayu, mama, ni mwanangu!" Kabula alimlilia mganga.

"Nikilitoa, labda sauti itamrudia mtoto. Labda litaondoka nayo. Siwezi kukudanganya."

"Mama, naogopa," koo la Kabula mwenyewe likalia.

Kabula akatupa shuka, akapiga teke chungu cha ufukizo, akatoka mbio na Monika mgongoni. Minza alimwita mpaka akachoka.

Bado anaimba. Watu wanasema hajawahi kuimba vizuri kama sasa. Hawajui kwamba nyumbani humpakata mtoto, wakatazamana, Monika akachezesha midomo, na Kabula akafungua mdomo wake ili asikie mwanawe anasema nini. Mara huomba uji. Mara huuliza kama leo wataenda sokoni.

Jumamosi iliyopita midomo ya Monika ilicheza kidogo tu, ikitetemeka. Kabula akafungua mdomo wake, na sauti ya mwanawe ikatoka taratibu:

"Mama, linasema sasa linataka macho."