Kivuli Kilichobaki Darasani

Alhamisi ya pili ya Septemba, saa kumi na moja na dakika saba jioni, Mwalimu Anselmo alipiga simu katika ofisi ya kuwasaidia wanafunzi wa mtandaoni na kuomba mtu mmoja atolewe darasani.

"Ameingia bila picha," alisema. "Haongei. Kinachosikika ni mvua tu, kubwa, wenzake hawasikilizani."

"Jina lake?" aliuliza Rufo, aliyepokea simu.

"Lisbet Mariche."

Rufo aliifunika simu kwa kiganja na kumtazama Nereida Mariche, aliyekaa meza ya pili. Lisbet alikuwa mdogo wake Nereida. Walimzika tarehe kumi na mbili Juni.

"Mwambie ni hitilafu," Nereida alisema kwa sauti ndogo. "Mwambie tunashughulikia."

Katika ofisi ile, mwanafunzi asipoonekana kwa wiki tatu akaunti yake hujifunga yenyewe, isipokuwa mhudumu awe ameweka alama kwamba ana shida ya mtandao. Alama hiyo iliwekwa kwa ajili ya watoto wa vijijini, wanaolazimika kupanda vilima ili simu zao zishike. Tangu mazishi, Nereida alikuwa akiiweka kila Jumatatu kwenye jina la mdogo wake. Hakumwambia mtu. Akaunti ikifungwa, rekodi za masomo nazo zinafutika, na katika rekodi hizo Lisbet alicheka mara mbili na kukohoa mara moja.

Siku aliyokufa, Lisbet alikuwa juu ya kilima cha Iguana, nyuma ya kijiji chao cha El Zapotal, akiwasomea wenzake kazi yake ya uuguzi. Mvua ikaanza. "Mnanisikia?" aliuliza, na sauti ikakatika. Nereida ndiye aliyekuwa zamu. Alimwandikia: "Tulia, mtandao utarudi." Wakati huo ukingo wa kilima ulikuwa umeshaporomoka naye.

Alhamisi iliyofuata mvua ilirudi darasani, safari hii na harufu ya udongo mbichi.

"We Nereida, umepanda mihogo mezani?" Rufo alisema, akainama kunusa. Kisha akaacha kucheka. Katikati ya vitufe vya kompyuta ya Nereida palikuwa na tope jembamba jekundu, na lilikuwa likipanda.

Nereida alivaa hedifoni.

"Dada," ilisema sauti ndani ya mvua. "Mnanisikia?"

"Tunakusikia," Nereida alijibu. Jioni ileile akampigia simu mama yake na kumweleza.

Mama yao, Eutimia, alikuwa mjane na hakuwa na mwingine pale nyumbani. Aliomba aonyeshwe namna ya kuingia darasani kwa simu yake, naye Nereida, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu jambo hilohilo, akamwonyesha. Kuanzia hapo Eutimia alipanda kilima kila jioni, hata siku zisizo za darasa.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba Nereida alikwenda nyumbani. Alimkuta mama yake amekonda shingo, nywele zimelowa, ingawa El Zapotal haikuwa imepata mvua kwa siku nne.

"Mama, umekula?"

"Mwenzako ana baridi, nitakulaje?"

"Anakwambia nini?"

"Ananiambia nisogee. Nikisogea kidogo tu, simu inashika vizuri."

Jumapili asubuhi Nereida alipanda peke yake. Nyayo za mama yake zilikuwa zimekwenda moja kwa moja juu ya udongo mkavu, na zile za mwisho zilikuwa viganja vitatu kutoka ukingoni. Aliteremka mbio hadi kwa Shangazi Crisófora, mwanamke ambaye huinua vivuli vya wafu kijijini hapo, ili visibaki walipoangukia na kuwavuta walio hai.

"Shangazi, kivuli cha Lisbet si ulikiinua mwenyewe? Siku ya tisa baada ya mazishi, palepale kilimani?"

"Nilikiita, nikadhani kimekuja. Kumbe niliinua udongo mtupu." Crisófora aliweka chini bakuli la mahindi aliyokuwa akiyapukuchua. "Kivuli huangukia pale alipokuwa mtu mwenyewe. Mwili ulikuwa kilimani. Yeye alikuwa wapi?"

Nereida alifikiri. "Darasani."

"Na nani anamzuia asitoke?"

"Mimi," Nereida alijibu.

"Basi nipeleke huko darasani kwenu. Nitamwita mara tatu. Akishaitika, asijibiwe na mtu, aseme atakalosema. Na mama yako asiwepo. Akijibu mama yako, Lisbet ataondoka naye."

Nereida alimwambia mama yake kwamba Alhamisi inayofuata hakuna darasa.

Crisófora aliingia ofisini akiwa na kitambaa cheupe, mshumaa na ubani. Akamwaga chokaa sakafuni kwa umbo la msalaba, chini ya meza ya Nereida.

"Shangazi, kengele ya moto ikilia nitafukuzwa kazi," Rufo alinong'ona.

"Nyamaza, mwanangu, kabla hujafukuzwa na mwingine."

Kwa ombi la Nereida, Mwalimu Anselmo alikuwa amewaomba wanafunzi wote wafunge vipaza sauti vyao na wasiulize kitu. Saa kumi na moja na dakika saba jina la Lisbet liliingia, jeusi, bila picha. Dakika moja baadaye likaingia jina lingine, na hili lilikuwa na picha: kilima, mawingu, na uso wa Eutimia karibu mno na simu.

"Lisbet Mariche," Crisófora aliita. "Ondoka ulipoangukia, twende."

Aliita mara ya pili, na alipoita mara ya tatu mvua iliyokuwa ikitoka kwenye kompyuta ilijaa chumba kizima ingawa dirishani jua lilikuwa bado linawaka, mshumaa ukalala upande kama unaopulizwa, tope likashuka kutoka mezani likafuata mistari ya chokaa hadi miguuni pa Nereida, baridi kama mkono wa mtu aliyetolewa mtoni, na ndani ya mvua ile sauti ikasema, polepole, kama ya mtoto aliyeamshwa:

"Nipo. Kuna giza. Mama yupo?"

Kwenye picha, Eutimia alifungua mdomo.

Mhudumu wa ofisi ile anaweza kumfungia kipaza sauti mtu yeyote aliye darasani. Nereida alikuwa amefanya hivyo mara nyingi, kwa ajili ya majogoo na mbwa wanaobweka. Akamfungia mama yake.

"Mama?" Lisbet aliita. "Mama, sema kitu."

Eutimia alikuwa akisema. Mdomo ulikuwa ukienda, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na hakuna hata neno moja lililotoka.

"Sasa," Crisófora alisema, akikikunja kitambaa juu ya chokaa.

Nereida alibonyeza kitufe cha kuifunga akaunti ya Lisbet. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, kwa kuwa rekodi zote zitapotea. Akabonyeza tena.

Jina likatoka, na mvua ikakoma. Crisófora alikichukua kitambaa kifuani kwa mikono miwili na kuondoka nacho kwenda makaburini El Zapotal, bila kugeuka. Rufo alitafuta ufagio.

Nereida alifika nyumbani kabla giza halijaingia. Mama yake alikuwa jikoni, nywele zimekauka, akila bakuli la maharage yaliyopoa. Alikula kama mtu aliyetoka safari ndefu. Alipomaliza alifuta mdomo kwa kiganja.

"Uliniambia hakuna darasa."

"Nisamehe, mama."

"Aliniita. Nikamwambia nipo. Nikamwambia asiogope giza, aende tu, mimi nitakuja siku yangu ikifika." Eutimia alimtazama usoni. "Alinisikia?"

Nereida alichukua lile bakuli mikononi mwa mama yake.

"Alikusikia, mama. Kila neno."