Kozue na Kengele ya Kilimani

Katika mji mdogo wa pwani ya Japani, ukungu ulipanda taratibu kutoka baharini. Kozue alitembea ndani ya ukungu huo, amemshika mkono Babu Iwao.

Leo walikuwa wakitembelea mahekalu ya zamani.

Ufukweni, lango jekundu la hekalu lilisimama majini, kana kwamba limeota humo. Shaaa… shaaa… Mawimbi yaliliramba miguu.

Kozue aligusa sikio lake. Ndivyo alivyomuuliza Babu, "Unasikia?"

Babu alitikisa kichwa. "Masikio yangu yamelala, mjukuu wangu."

Wakapita chini ya misonobari. Kwenye hekalu dogo, mbweha wawili wa mawe walikaa kimya. Kozue akavuta kamba nene. Cheleng! Cheleng! Kengele ndogo ikalia juu.

Kozue aligusa sikio lake.

"Masikio yangu yamelala, mjukuu wangu."

Wakapanda ngazi za mawe, polepole, polepole. Juu kilimani palikuwa na hekalu kongwe, na kengele ya shaba kubwa kuliko Babu.

"Nilipokuwa mdogo kama wewe," Babu akasema, "kengele hii ilinibembeleza mpaka nikalala. Natamani niisikie tena, hata mara moja tu."

Mtawa wa hekalu akavuta nyuma gogo lililoning'inia kando ya kengele, akaliachia liigonge.

Gooommm…

Babu alisimama tu, macho chini. Kozue akaegemea nguzo ya kengele.

Ajabu! Nguzo ilikuwa ikitetemeka! Gooommm ikampita mgongoni, ikashuka mpaka tumboni.

"Mtawa, tafadhali! Babu anaweza kuishika kengele?"

Mtawa akatabasamu. "Anaweza. Aweke viganja vyote viwili."

Kozue akaviweka viganja vya Babu kwenye shaba baridi.

Gooommm…

Macho ya Babu yakatanuka. "Lo! Iko mikononi! Inapanda mabegani! Kozue, imefika moyoni!"

Akacheka, na machozi yakamtiririka huku akicheka.

"Tena!" akasema Babu.

"Tena!" akasema Kozue.

Gooommm… Gooommm…

Jua likazama. Babu akambeba Kozue mgongoni, wakashuka ndani ya ukungu laini. Njiani, Babu akaanza kuimba chini chini, kwa sauti nzito. Hakuwa ameimba kwa muda mrefu sana.

Kozue akalaza shavu mgongoni mwake. Wimbo ukatetemeka shavuni mwake, taratibu, taratibu.

Walipofika nyumbani, Kozue alikuwa amelala fofofo. Babu akamfunika blanketi, akaendelea kuimba.