Barua ya Karani Mwaminifu

Barua haikuwapo.

Mtunza nyaraka alizihesabu karatasi za sanduku la kumi na saba mara tatu mbele ya Inspekta, na mara zote tatu ilipungua moja. Zilikuwa karatasi za familia ile iliyomiliki kiwanda cha sabuni na karibu nusu ya barabara kuu ya mji: hati za viwanja, barua za mapenzi, hata orodha za mashuka yaliyopelekwa kwa dobi. Mjukuu wa tajiri aliyeanzisha kiwanda alikuwa amezikabidhi zote kwa maktaba, na baada ya siku mbili zingefunguliwa kwa umma, kwa hotuba na picha.

Mlango haukuvunjwa. Dirisha lilikuwa zima. Funguo zilikuwa tatu: ya mtunza nyaraka, ya mjukuu, na ya mama msafishaji. Ndani ya ndoo ya msafishaji ulikutwa utepe mweupe uliofungia barua zile.

"Utepe huu umefikaje humu?" Inspekta aliuliza.

"Niliuokota sakafuni, afande. Kazi yangu ni kuokota."

"Na barua?"

"Barua ipi? Mimi hata za kwangu sijazijibu."

Koplo aliyefuatana naye alicheka. Inspekta hakucheka. Alikuwa mtu mwenye haraka, na mwenye haraka hupenda mkosaji wa karibu. Akamweka mama wa watu mahabusu, akaenda zake kunywa chai. Hilo ndilo jambo asilopenda kulisimulia mpaka leo.

Asubuhi yake maabara ilileta majibu. Sandukuni hapakuwa na alama hata moja ya vidole vya msafishaji. Inspekta akarudi maktaba na uso umemshuka.

"Nitolee barua moja, ya sanduku lolote," alimwambia mtunza nyaraka. "Nataka kuona zinavyoshikwa."

Mtunza nyaraka, mwanamke mtulivu wa makamo, alivaa glavu. Akachomoa kikaratasi cheupe mfukoni, akakipachika katikati ya barua, ndipo akainua ile moja.

"Hicho kikaratasi cha nini?"

"Ni alama, afande. Ukitoa barua unaacha kikaratasi mahali pake, ili ikirudi ijue kwao. Miaka kumi na tisa sasa, mkono unafanya wenyewe."

Inspekta alilivuta sanduku la kumi na saba. Katikati ya barua kilikuwamo kikaratasi cheupe, kitupu. Jana alikiona akadhani ni takataka.

"Mwizi gani huyu," alisema polepole, "anayeiachia barua nafasi ya kurudi?"

Mtunza nyaraka aliirudisha ile barua mahali pake.

"Msafishaji hajui mambo haya. Mjukuu nilimwona jana akizipekua kama karata. Amebaki nani?"

Mtunza nyaraka alivua glavu, moja, kisha nyingine. Akafungua mtoto wa meza yake. Barua ilikuwamo, ndani ya jalada safi, imenyooshwa vizuri.

"Nilitaka kuichoma. Nimewasha kiberiti mara mbili. Nikashindwa. Mimi kazi yangu kutunza."

Inspekta alisoma. Mwandishi alikuwa karani wa yule tajiri wa kwanza. *Saa ya marehemu mama yako, bwana, niliichukua mimi. Yule dobi uliyemfunga hana kosa. Nisamehe.* Pembeni, kwa mkono wa tajiri, yaliandikwa maneno mawili tu: *Imesomwa. Ihifadhiwe.*

"Na dobi?"

"Alimaliza miaka yake mitatu gerezani. Alipotoka hakuna aliyempa tena hata shati."

"Karani ni nani kwako?"

"Ni baba. Yuko hai, ana miaka themanini na minane. Kesho amewekewa kiti cha mbele, apewe cheti cha karani mwaminifu. Ndugu zangu wote wanakuja. Ningeuficha wapi uso wangu, afande?"

"Kwa hiyo ukaona heri mama msafishaji aufiche wake."

"Utepe uliniponyoka tu. Sikuutupa makusudi."

"Lakini ulipookotwa ulinyamaza."

"Nilinyamaza." Alifuta macho kwa kiganja. "Jana nilimpelekea chai kituoni. Nikamwambia, pole dada, ukweli utajulikana."

"Ulimwambia hivyo kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu. Na baba naye alikuwa akimpelekea dobi sabuni gerezani. Amenisimulia tangu nikiwa mdogo, nami nikimwona mtu wa huruma sana."

Inspekta alijaribu kumkazia macho, akashindwa. Aliikumbuka chai yake mwenyewe. Habari zilipomfikia, mjukuu alipiga simu akiomba barua irudi kimyakimya, mambo yasifike mbali. Inspekta alimjibu kwamba sasa ni kielelezo cha polisi, akakata.

Kituoni, baada ya mtunza nyaraka kuandikwa maelezo ya onyo kama mtuhumiwa, mama msafishaji alitolewa. Alipoambiwa ni nani aliyeichukua barua, alimgeukia mtunza nyaraka.

"Ile chai niliinywa yote," alisema. "Nikawaambia wenzangu mle ndani: kazini kwetu yupo mtu mmoja anayenijali."

"Nisamehe, dada."

"Mimi kukusamehe ni jambo dogo. Lakini nilichukuliwa mchana, mtaa mzima unatazama, na watoto wangu wamesimama mlangoni. Hao nitawaambia nini?"

"Nitakwenda mimi, mama," Inspekta alisema. "Kosa ni langu pia. Nitawaeleza."

"Wewe utakuja na gari, afande, maana ndilo lililonichukua. Lakini kusema, atasema yeye."

Wakaenda. Mtaani watu walitoka majumbani kulitazama gari la polisi. Mtunza nyaraka alishuka, akasimama mbele ya watoto watatu wasiotaka kumtazama mama yao, na kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia, akasema, "Barua niliiba mimi. Mama yenu hakuiba kitu."

Mtoto mkubwa akauliza, "Sasa mbona ulimwacha alale kule?"

Wote walingoja jibu, Inspekta akiwamo.