Mbeleko Iliyobaki Praga

"Jabiri, daraja hili tumelipita tena na tena," alisema Bi Mwanakombo, meno yakimgongana kwa baridi. "Masanamu yake nimeshayajua kwa sura. Yule wa msalaba, yule wa kitabu. Bado kunisalimia tu."

"Ni daraja la kale, mama. Watu wanatoka mbali kuja kuliona."

"Na sie tumetoka Temeke. Kwani Temeke ni karibu?"

Mzee Marijani akacheka mpaka koti la kuazimwa likamtikisika mabegani. Chausiku hakucheka. Alikuwa akimtazama mumewe, Jabiri, ambaye kila baada ya hatua chache aligeuka kuangalia nyuma kama mtu aliyeiba kuku.

"Na ile saa?" aliuliza mzee. "Wenyeji wangu wameisifia sana. Eti ikigonga, vitu vinatoka dirishani."

"Kesho, baba."

"Jana ulisema kesho."

"Leo kuna watu wengi. Twendeni tuone ngome kule juu."

Basi wakapanda tena mlima wa ngome, miguu ikizama kwenye theluji, na mama wa watu akilalamika njia nzima.

Ilikuwa Desemba, mwaka wa tatu tangu Uhuru. Mzee Marijani alikuwa kiongozi wa makuli wa bandarini Dar es Salaam, na chama cha wafanyakazi cha Chekoslovakia kilikuwa kimemwalika kupumzika mjini Praga yeye, mkewe na mtoto mmoja. Mtoto wake wa pekee, Jabiri, alikuwa huko huko Praga akisomea uhandisi. Nafasi ya mtoto akapewa Chausiku, mkaza mwana wake. Kwenye pasi akaandikwa binti Marijani, na mtaa mzima ukasema huo ni ujanja wa halali, maana binti alikuwa anapelekwa kwa mumewe.

Na mume mwenyewe hajawahi hata kumshika mkono akiwa mume. Jabiri na Chausiku walipendana kwenye bomba la maji la Temeke. Jabiri alikuwa akimtwika ndoo, na siku ya kuagana akamwambia, "Nisubiri, Chau." Chausiku akasubiri. Mzee Marijani ndiye aliyeshindwa kusubiri. Alisikia vijana wa Ulaya wanaoa Wazungu, akaona dawa ni kumfunga mwanawe mapema. Akaenda kuposa, akatoa mahari, na siku ya nikaha akakaa mbele ya shehe kama wakili wa bwana harusi. Shehe alipouliza kama ametumwa na kijana, akajibu ametumwa. Kisha akapeleka simu ya maandishi:

"TUMEKUOZA CHAUSIKU. MUNGU AWABARIKI. BABA."

Jibu likaja: "NIMEPATA. JABIRI."

Mzee akalisoma barazani kwa sauti, akinamama wakapiga vigelegele. Chausiku akahamia nyumbani kwa wakwe zake, akipika, akifua, akimkanda Bi Mwanakombo miguu, na akijua kwamba siku moja bwana atarudi.

Mama mkwe naye alimpenda kama mwanawe wa kumzaa. Safari hii alikuja na khanga kuukuu aliyoifunga kiunoni chini ya koti.

"Hii ndiyo mbeleko iliyombeba Jabiri," alimwambia Chausiku ndani ya ndege. "Tukirudi Temeke tumboni mwako kuna mtu, hii naiosha naianika uani, wenye macho waone."

Lakini mtu atapatikanaje, na tangu wafike Jabiri anawaacha mlangoni mwa nyumba ya wageni na kurudi kulala bwenini?

"Bweni lina sheria zake," alisema.

"Sheria gani inayomkataza mtu kulala kwa mkewe?" Chausiku aliuliza, macho chini.

"Wenzetu wana nidhamu," alidakia Mzee Marijani haraka. "Nidhamu ya masomo. Mwacheni kijana."

Siku iliyofuata, wakiwa njiani kwenda kwenye makumbusho mengine, upepo ukaleta harufu. Bi Mwanakombo akasimama katikati ya njia.

"Samaki!"

"Mama, huko siko tuendako."

"Nimezaliwa kwa wavuvi, nimelelewa kwa wavuvi. Siwezi kupita samaki nisiwaangalie."

Kabla hajamaliza alikuwa ameshakata kona. Jabiri akamkimbilia, akachelewa. Uwanja mkubwa ukafunguka mbele yao, na ile saa iko ukutani juu ya vichwa vya watu. Chini yake yamepangwa mapipa ya maji yenye samaki wanene walio hai, ndio kitoweo cha Krismasi cha watu wa pale, na foleni imepinda hadi mbali. Bi Mwanakombo akaingiza mkono kwenye pipa la maji ya barafu, akamnyanyua mmoja, akamfunua mashavu.

"Mzima huyu! Ila ana harufu ya tope. Nyie, hamna bahari?"

Saa ikagonga. Vidirisha vikafunguka, sanamu zikaanza kupita moja moja, na watu wote wakatazama juu isipokuwa Jabiri.

"Tata!"

Katoto ka kike kalichomoka kwenye foleni, nywele za singa zikitoka chini ya kofia nyekundu, ngozi yake rangi ya chai ya maziwa. Kakaja mbio na kumkumbatia Jabiri miguu. Neno lile halikuhitaji mkalimani. Nyuma yake akaja mwanamke wa Kizungu ameshika kikapu, anacheka, kisha akawaona wageni na kicheko kikapungua.

Samaki alimponyoka Bi Mwanakombo, akatumbukia pipani.

"Jabiri," alisema mama yake. "Mtoto wa nani?"

"Wangu, mama."

"Anaitwa nani?"

Jabiri akainamisha kichwa. "Mwanakombo."

Hapo ndipo Chausiku alipompoteza mtu wake wa mwisho. Bi Mwanakombo alitazama paji lile la uso, paji lake mwenyewe, akaanza kulia. Kisha akafungua koti katikati ya baridi ile, akaivuta mbeleko kiunoni, akampandisha mtoto mgongoni, akamfunga. Mtoto akalaza shavu kama vile amekuwa akibebwa hivyo siku zote.

"Mama," Chausiku aliita taratibu.

"Mwanangu, nisamehe," Bi Mwanakombo alijibu bila kugeuka. "Damu hii. Nifanyeje?"

Yule mwanamke akamsogelea Chausiku, akamkumbatia, akambusu shavu la kulia na la kushoto. Akamwona mikono imekufa ganzi, akavua glavu zake akamvisha. Chausiku akaacha avishwe. Angefanya nini, na lugha hana?

"Anaitwa Milena," Jabiri alisema.

"Umemwambia mie ni nani?"

Jabiri akageuka kuangalia samaki pipani.

"Jabiri, nakuuliza. Huyu anayenibusu, anajua anambusu nani?"

"Nimemwambia baba anakuja na... na dada yangu."

"Dada yako."

"Chau, sikiliza—"

"Dada yako. Haya."

Walisogea pembeni, karibu na ukuta, wazee wakiwa wamemzunguka mtoto.

"Kwa nini hukusema? Miaka yote hiyo mie namkanda mama yako miguu!"

"Simu ya baba ilinikuta Milena ana mimba. Nikasema nitamwandikia baba kesho. Kesho ikawa keshokutwa, ikawa mwaka. Niliona aibu, Chau."

"Ukajibu umepata."

"Nilipata simu. Sikusema nimekubali."

"Uliniambia nikusubiri."

"Nilikwambia. Na siku ile nilikuwa nasema kweli, Wallahi."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Chausiku alimwangalia, akaona ni yule yule wa bombani, macho yale yale, na moyo wake mpumbavu ukamruka kama zamani. Hilo ndilo lililomliza.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, alipiga magoti mbele ya mkwewe.

"Baba, shikamoo. Nina ombi moja. Jabiri aniandikie talaka, nirudi kwetu nikiwa mtu wa kueleweka."

Mzee Marijani alikuwa amekaa kitandani na koti lake. Tangu uwanjani alikuwa hajasema neno.

"Marahaba, mwanangu. Talaka hawezi kuitoa."

"Kwa nini?"

"Mtu hawezi kumwacha asiyemuoa." Akajifuta uso. "Jabiri hakunituma. Niliogopa nikimuuliza atakataa, nikasema nikishaoza atazoea. Wakili asiyetumwa si wakili. Ile haikuwa ndoa."

"Kwa hiyo mie ni nani?"

Nje theluji ilikuwa inaanguka tena.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Kwenye pasi wewe ni binti yangu."

Siku zilizobaki walitembezwa makanisa na makumbusho, wakapigwa picha wakiwa wamejipanga, kwa sababu ratiba ilikuwa ya wenyeji na hakuna aliyejua namna ya kuikataa. Bi Mwanakombo hakwenda popote. Alishinda kwa Milena na mjukuu wake, na siku ya kuondoka akarudi kiuno kitupu.

Temeke iliwapokea kwa ngoma. Somoe, shoga yake Chausiku wa nyumba ya pili, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza.

"Bi Mwanakombo, na ile mbeleko uliyotuaga nayo, ya mtoto wa Chausiku? Mbona siioni?"

Mama wa watu alitazama uso mmoja baada ya mwingine. Wote wanangoja. Chausiku alimtazama pia, akimwomba kwa macho.

"Nimeiacha kwa mwanangu," alisema Bi Mwanakombo. "Itakuwa na kazi."

Akinamama wakajua mtoto yuko njiani, na vigelegele vikapasua mtaa. Macho yote yakateremka kwenye tumbo la Chausiku.

Kuanzia siku hiyo ikawa adhabu ya ajabu. Akienda bombani ananyang'anywa ndoo.

"Wee, weka chini! Mwenye mzigo habebi mzigo!"

"Somoe, mie sina kitu."

"Mwanzo huwa hatusemi, shoga. Naelewa. Kaa kivulini."

Wakamletea ndimu, wakamletea udongo wa kula. Wakamuuliza Ulaya kukoje, akawaeleza saa ile na sanamu zinazopita dirishani, na kila alipofika kwa samaki akanyamaza. Alimwomba Bi Mwanakombo aseme kweli. Bi Mwanakombo akalia, akasema, "Nikisema, nimemweka mume wangu uchi. Nipe siku chache." Siku zikapita, tumbo likabaki palepale, na Somoe akaanza kumtazama kwa huruma.

Asubuhi moja Chausiku akamfuata mzee barazani.

"Baba, wameanza kunong'ona. Wengine wanasema mimba imeharibika, wengine wanasema mie tasa. Nikiondoka nitaitwa mke mtoro. Nikibaki, nabaki kwa nani? Nifanyeje? Niambie, maana mie sina tena la kufanya."

Mzee Marijani aliinuka. Aliingia ndani, na Chausiku akadhani ni kimya kile kile. Lakini alitoka na kofia kichwani, na begani amebeba sanduku la Chausiku, yeye kiongozi mzima wa makuli ambaye miaka hii alikuwa hanyanyui kitu.

"Twende," alisema.

Walipita bombani jua likiwaka. Mazungumzo yakakatika. Somoe akauliza, "Mzee, shikamoo, salama?" Mzee akajibu marahaba na hakusimama. Watoto wakafuata, na watu wazima nao wakafuata, mpaka mtaa wa Mtoni, kwa Bakari, baba mdogo wa Chausiku, aliyesimamia ndoa yake.

Bakari alikuwa mlangoni anashona wavu. Akaona sanduku, akasimama.

"Ameachwa?"

"Hakuachwa," alisema Mzee Marijani. Akalitua sanduku, akavua kofia mbele ya umati ule. "Wala hakuolewa. Siku ile nilikwambia mbele ya shehe kwamba mwanangu amenituma. Hakunituma. Nilisema uongo, Bakari, nikamchukua binti yako akanitumikia bure. Na mimba hana. Huko Ulaya Jabiri ana mke na mtoto. Niliyemkosea ni huyu."

Watu wakashika midomo. Somoe akaanza kulia. Bakari akakunja ngumi, lakini mzee aliyekuwa mbele yake alikuwa ameshainama, akamwona hapigiki.

"Sasa nitamwambia nani nini?" Bakari alisema. "Miaka ile haina mwenye kuirudisha." Akamgeukia Chausiku. "Na wewe, mwanangu, ulijua?"

"Sikujua, baba."

"Hata kidogo?"

"Mlikuja chumbani na mashahidi mkaniuliza kama namtaka Jabiri," alisema Chausiku. "Jabiri hakuulizwa. Katika ndoa ile yote, aliyeulizwa ni mie peke yangu. Na mie nilisema namtaka."

Akatoa glavu za Milena mfukoni mwa gauni, akazitazama asijue amrudishie nani, akazirudisha mfukoni. Kisha akainama kulishika sanduku lake, na safari hii hakuna aliyemnyang'anya.